Siku Moja ya Mvishaji Pete za Ndege

Saa kumi alfajiri tunaanza kazi, giza bado limetanda, kwa sababu nyavu zinatakiwa ziwe tayari kabla ndege hawajaamka. Nafanya kazi kwenye kituo cha kuvisha ndege wahamao pete, kando ya bwawa lenye matete mengi. Watu wakituona na nyavu hudhani tunatega ndege wa kuuza. Wengine wameshatuita majasusi. Naandika haya ili mjue tunachokifanya hasa.

Nyavu zenyewe ni za nyuzi nyembamba mno, hata mchana kweupe unaweza kuzikaribia usizione. Tunazikagua kila baada ya nusu saa, na mara nyingi zaidi jua likiwa kali. Uhai wa ndege unatangulia takwimu. Mvua ikinyesha tunazifunga, hata kama kazi ya siku nzima itapotea.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimemshika ndege mdogo wa kahawia, mwenye mstari wa rangi ya maziwa juu ya jicho. Ni wa jamii inayotaga Ulaya na kupitisha miezi ya baridi Afrika. Unamshika shingo ikae katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kiganjani, bila kumbana kifua. Nikampuliza tumboni, manyoya yakaachana. Ngozi ya ndege ni nyembamba kiasi kwamba unakiona kilicho chini yake: mafuta ya manjano yaliyojaa kuanzia kwenye kishimo cha koo hadi tumboni. Kwa kawaida ndege huyu ana gramu 11 au 12. Akijiandaa kuvuka Sahara anaweza kukaribia kuongeza uzito huo mara mbili, na mafuta hayo ndiyo atakayoyatumia angani. Akiukosa mwezi wa kula vizuri kwenye matete kama haya, hafiki. Nikambana pete ya aluminiamu mguuni kwa koleo maalumu, nikahakikisha inazunguka bila kumkwaruza, nikasoma namba kwa sauti na mwenzangu akaiandika. Tukapima bawa, tukapima uzito, tukamwachia.

Saa moja, saa mbili, saa tatu: ni hivyo hivyo.

Kazi hii ilianzishwa na mwalimu wa shule. Mwaka 1899, huko Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen aliwavisha ndege pete zenye namba na anwani. Alichokitegemea ni mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, aiokote pete na kumwandikia barua. Leo tuna vifaa vinavyowasiliana na setilaiti, lakini ndege walio wengi ni wadogo mno kuvibeba. Kwa hao, bado tunamtegemea mtu yule yule wa Mortensen.

Mtu huyo alinipigia simu saa nne na robo.

“Wewe ndiye wa ndege?”

Nikamwamkia. Ni mzee mvuvi. Alikuwa amemkuta kitwitwi amekufa ufukweni, amejizonga kwenye nailoni ya mshipi, na mguuni ana chuma chenye maandishi. Kabla sijauliza lolote akataka kujua malipo ni kiasi gani. Nikamweleza kwamba hakuna malipo, ila ataletewa taarifa ya ndege huyo alivishwa wapi na lini. Akanyamaza. Kisha akasema: “Hapa imeandikwa MOSKWA. Hiyo si Urusi? Mwanangu, mimi sitaki kesi.” Akakata.

Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena, akapokea kijana mwingine aliyetaka jina langu kamili, ofisi yangu, na sababu ya kuitaka namba ambayo haikuandikwa na sisi. Nikajibu yote. Mtandao ukakatika. Ulipokaa sawa, kijana ameondoka na simu, na mzee yuko mbali. Muda wote huo mwenzangu alikuwa anakimbia peke yake kutoka wavu hadi wavu na vifuko vya nguo vyenye ndege shingoni, jua linapanda, na namwona kabisa jinsi anavyonitazama.

Hofu ya mzee siidharau hata kidogo. Mwaka 2013 huko Misri korongo mweupe alishikiliwa kwa tuhuma za ujasusi, kumbe alichobeba ni kifaa cha watafiti cha kufuatilia safari yake. Kama polisi waliingiwa na shaka, mvuvi atalaumiwa kwa lipi?

Alipopiga tena mwenyewe, nilimwambia hivi: “Mzee, aliyemvisha huyo ndege pete hajui kama yuko hai au amekufa. Wewe peke yako duniani ndiye unayejua amefia wapi na amefia nini.” Akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu wake. Ikaanza safari nyingine. Pete imechakaa, isuguliwe kwa kitambaa kibichi. Namba imeshikwa juu chini, igeuzwe. Mjukuu akasoma, mzee akarudia, mimi nikaandika, tukafika kwenye tarakimu moja ambayo mmoja anasema ni 3 na mwingine anasema ni 8. Nikaomba picha. Simu yao haina kamera. Jirani anayo, lakini amekwenda baharini.

Tulipomaliza, nyavu zilikuwa zimeshafungwa kwa sababu ya joto, na mwenzangu amekaa kivulini hataki kusema. Nikampelekea maji.

Mchana sikumbuki vizuri nini kilitangulia. Tuliingiza takwimu kwenye kompyuta. Walikuja wanafunzi na darubini, tukawafundisha kuhesabu ndege wa majini kwa makundi ya kumi kumi. Hesabu ya kimataifa ya ndege hao, inayofanyika kila Januari, ilianza mwaka 1967, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na watu wa kujitolea. Msichana mmoja aliuliza mbona tunahangaika wakati mikataba ipo. Ni kweli ipo: wa Bonn wa mwaka 1979, wa kulinda wanyama wahamao, na ule wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia wa mwaka 1995, unaogusa jamii 255. Nikamsimulia habari za sululu mwenye mdomo mwembamba. Nchi zilikubaliana kumlinda mwaka 1994. Aliyethibitishwa kuonekana mara ya mwisho alikuwa Morocco, mwaka 1995. Mwaka 2025 alitangazwa kutoweka. Makubaliano yalikuja wakati karibu hakuna tena wa kulindwa.

Nikamsimulia na la Nagaland, India. Mwaka 2012 kozi wa Amur walinaswa huko kwa maelfu mengi wakiwa njiani kuja Afrika. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliamua kuacha, na hawakuua hata mmoja. Sheria ilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni watu wa pale kuketi na kukubaliana. Habari hiyo huisimulia kwa kila anayenisikiliza, na sijaichoka.

Jua lilishazama nilipokumbuka kwamba sijala. Miguu inauma, macho yanawaka kwa kusoma namba ndogo tangu alfajiri. Ndipo simu ikaingia picha: jirani amerudi. Pete imewekwa juu ya kiganja cha mzee, imesafishwa ikang’aa, na tarakimu ni 3. Nikajaza fomu ya kituo cha Moscow: jamii ya ndege, mahali, tarehe, chanzo cha kifo kuwa nailoni ya uvuvi iliyotupwa. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa.

Chini ya picha mzee alikuwa ameacha ujumbe wa sauti. Ameuliza nailoni zilizokatika wazikusanye wapi, kwa sababu pale ufukweni zimejaa. Nimemwambia Jumamosi nitafika na magunia.