Chakula cha Liwali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Nehemia sura ya 5, ambayo wengi wetu huiruka tukikimbilia habari za ukuta wa Yerusalemu uliokamilika kwa siku 52. Kabla ukuta haujaisha, kilio kilizuka miongoni mwa wajenzi wenyewe: wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine walikuwa wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, hata wakafikia kuwatia wana na binti zao utumwani. Kodi ilizaa deni, deni likala shamba, na shamba lilipokwisha zamu ikawafikia watoto.

Nehemia alikasirika sana, akawakemea wakuu waliowatoza ndugu zao riba, kisha akaeleza mwenendo wake mwenyewe. Kwa miaka 12 aliyokuwa liwali wa Yuda hakula chakula cha liwali, ijapokuwa cheo kilimpa haki hiyo, na waliomtangulia walikuwa wamewalemea watu kwa kuwatoza mkate, divai na shekeli 40 za fedha. Hakununua shamba, yeye na watumishi wake walishika kazi ya ukuta. Anatoa sababu mbili: alimcha Mungu, na mzigo ulikuwa mzito juu ya watu wale. Sisi wa pwani neno liwali hatuhitaji kufafanuliwa, maana babu zetu walitawaliwa na maliwali.

Babu yangu alikuja Tanga kutoka Kasulu akiwa manamba, kukata mkonge. Mama amekihifadhi kipande chake katika sanduku la bati: karatasi ngumu iliyofifia, yenye nafasi 30, moja kwa kila siku aliyomaliza ngwe yake. Siku ambayo ngwe haikuisha haikuandikwa, hata kama alitoka alfajiri na kurudi mikono imechomwa na miiba na kuwashwa na utomvu, na mshahara ulisubiri mpaka nafasi zote zijae. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma nakikumbuka kipande kile, kwa sababu shilingi ya hazina imetoka katika siku ya kazi ya mtu fulani, kama mama wa dagaa pale Ngamiani anayekatiwa ushuru kabla hajauza fungu la kwanza. Mtume Paulo anatuagiza tumpe mtu wa kodi kodi yake, nasi tunatii; lakini anayeipokea ameshika jasho la watu, na atatoa hesabu yake mbele za Mungu.

Serikali inapokopa, inakopa siku za kazi ambazo bado hazijafanywa, na nyingine ni za watoto tunaowabatiza mwaka huu. Sisemi kwamba kukopa ni dhambi, maana Torati yenyewe inaamuru maskini akopeshwe. Mkopo unaojenga gati litakalopokea meli kwa miaka mingi, wajukuu wataulipa huku wakilitumia. Lakini mkopo ulioishia kwenye posho na magari ya kifahari wataulipa bila kuona ulichofanya. Ndiyo maana naamini kwamba taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba yetu, inastahili kusomwa na Mkristo kwa makini, na kuombewa.

Hata hivyo tusiinyoshee serikali kidole peke yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba, na nimesikia kwa masikio yangu waumini wakisema, "Hizo ni fedha za serikali, hazina mwenyewe." Zaburi ya 37 inamwita mwovu yule akopaye asilipe, wala haiulizi alikopa kwa nani. Fedha hizo zina mwenyewe: ni yule mama wa dagaa.

Jumatatu iliyopita mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama hapa usharikani alinionyesha daftari la marejesho. Wenzake wawili wameacha kuleta fungu lao tangu Pasaka. Watatu waliobaki wamekubaliana kukaanga maandazi kila alfajiri ili kuziba pengo, na Ijumaa hii wanakwenda benki kulipa awamu ya mwisho. Tuwaombee hao watatu, na wale wawili tuwatembelee nyumbani kabla ya Jumapili, tukajue kilichowapata.