Kamba ya baba mdogo

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa hapa Mbeya, mitaa ya Uyole. Kishikwambi mkononi, vumbi hadi kope, na swali ni lile lile kila mlango: nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23? Kwenye nyumba moja ya kupanga, vyumba vitano, nilihesabu watu kumi na saba. Mama mmoja aliwataja wanawe vizuri, alipofika wa sita akacheka: "Huyu mdogo umwandike kwanza, asije akasahaulika."

Matokeo yalipotoka tukawa 61,741,120. Mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Uhuru, tulikuwa milioni 12.3. Novemba mwaka huo huo wa 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza kuwa dunia imefika watu bilioni nane. Nilisoma, nikapita. Bilioni nane utaishikia wapi?

Niliishika Desemba, nyumbani Rungwe.

Baba aliita kikao cha kugawa shamba. Babu aliacha ekari sita, wanawe watatu wakapata mbili mbili. Sasa za baba zinagawanywa kwetu sisi watano, wa kike tukiwemo, na hilo peke yake lilimfanya baba mdogo akohoe kikohozi kisicho na mafua. Hata hivyo yeye ndiye aliyeleta kamba ya katani, kaifunga mafundo kila mita tano, na kuikokota katikati ya migomba huku ukungu haujaondoka. Mgomba mmoja ukaangukia mpakani. Wakabishana karibu nusu saa mkungu wake ni wa nani, na ulikuwa bado mchanga!

Fungu langu ni mita arobaini kwa arobaini. Migomba, maharage chini yake, kipande cha viazi. Chakula kipo, ila ada ya shule haitoki hapo. Nami nina watoto wawili.

Kuna watu wakisikia hesabu hizi wanakimbilia kuwasema akina mama wanaozaa. Mimi nimekaa kwenye viti vyao na kishikwambi, siwezi. Bibi yangu alizaa tisa akazika wanne. Alizaa kwa hesabu ya kifo. Siku hizi, shukrani kwa chanjo na kliniki, watoto wanabaki. Idadi inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, maana yake ndani ya miaka ishirini na miwili hivi tunakuwa mara mbili. Ardhi ya Rungwe haijaambiwa.

Kaka yangu hataki kulima. Anataka kuuza fungu lake aongezee kwenye bajaji, na kanipa mimi nafasi ya kwanza kabla hajamwita jirani. Bei aliyotaja ni ya kindugu, anasema. Nimeshapiga hesabu mara tatu, haitoshi, na jibu analitaka kabla ya Pasaka.