Salmonela ilivyotoka bandani kwangu

Majibu ya maabara yamekuja safi mara ya pili mfululizo. Nimepumua, sasa naandika.

Nafuga kuku wa mayai 300 Kibosho, juu ya Moshi. Dalili kwa kuku hazikuwepo kabisa: walitaga vizuri, upanga wa kichwani mwekundu. Ila wateja wawili waliumwa tumbo baada ya kula mayai yasiyoiva vizuri. Vipimo vikaonyesha Salmonella Enteritidis, aina ya bakteria wa salmonela. Mdudu huyu hukaa kwenye ovari na mrija wa mayai, hivyo yai huchafuka ndani kabla hata ganda halijajengwa.

Antibayotiki ilituliza tu. Kuosha mayai kwa maji baridi ya mfereji lilikuwa kosa: yai la moto likipoa ghafla hunyonya uchafu kupitia vitundu vya ganda. Nikaondoa kundi zima, nikasugua banda, nikapiga dawa, nikaleta mitetea wapya. Miezi mitatu baadaye, salmonela ileile!

Daktari wa mifugo akaniuliza, "Mangi, umeshawahi kuingia bandani usiku?"

Nikaingia saa nne na tochi. Panya wamejaa kwenye vyombo vya chakula! Waliishi nyuma ya mabanzi ya ukuta, na mavi yao, madogo kama punje za mchele, yalichanganyika na pumba. Mimi nilisafisha banda, wao wakanisubiri ukutani na bakteria walewale.

Safari hii nilianza na mitego, kuku wakiwa bado ndani, maana chakula kikiisha panya hutawanyika kisha hurudi. Nikabandua mabanzi, nikaziba kwa wavu wa matundu ya milimita 6, chakula kikaingia kwenye pipa lenye mfuniko. Ndipo nikaondoa kuku, nikaosha, nikaacha pakauke kabisa. Mitetea wakaja mwisho.