Kila Kitanda na Mwenyewe

Novemba iliyopita, mpwa wangu alipokokota sanduku lake la bati kutoka shule ya bweni baada ya mtihani wa kidato cha nne, aliapa kuwa hatalala tena kwenye kitanda cha ghorofa. Agosti hii nikamlaza kwenye kimoja, tena cha juu.

Tulitoka Nakuru asubuhi, tukapita Mau Summit kwenye baridi, Kericho kwenye mvua na Ahero kwenye joto la mashamba ya mpunga. Nilikuwa nimemwahidi likizo ya Ziwa Victoria bila kumweleza tutalala wapi. Yeye alikuwa na picha za hoteli zenye bwawa la kuogelea kwenye simu. Mimi nilikuwa na namba tatu: ya mwalimu niliyesoma naye chuoni, sasa naibu wa mkuu katika shule ya wasichana nje kidogo ya Kisumu, ya mama mzazi wa mwalimu mwingine, kisiwani Rusinga, na ya kijana anayetembeza wageni katika msitu wa Kakamega.

Sisi walimu tuna jambo tunalolijua na hatulisemi: shule zikifungwa, mamia ya vitanda hubaki tupu. Makanisa yaligundua hilo zamani, ndiyo maana mikutano yao mikubwa huangukia Aprili, Agosti na Desemba. Jioni hiyo shule ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa waliokuja kwa kongamano, nasi tukachomekwa katika bweni lao, kona ya mwisho karibu na bafu. Shilingi mia tatu kila mmoja, godoro ni la shule, shuka ujiletee.

"Anti," mpwa wangu akaniambia akipanda juu, "mimi nilifaulu ili nisirudi huku."

Ubao wa kichwani ulikuwa umechorwa majina kwa ncha ya bikari, tabaka juu ya tabaka, miaka juu ya miaka. Mmoja alikuwa amehesabu siku zilizobaki kwa vijiti vitano vitano, akachoka njiani. Pande zote, akina mama waliimba. Walikuwa na mpangilio: upande wa dirishani unaanza, upande wa mlangoni unaitikia, na kitanda cha chuma kinapiga ngoma kila mtu akijigeuza. Saa nne usiku mama mmoja mwenye tochi akapita katikati akisema, "Taa, akina mama, taa." Mpwa wangu alicheka hadi kitanda kizima kikatetemeka. Ilikuwa sauti ya matroni wake kabisa, alisema, ila huyu aliongeza, "Mungu awabariki."

Saa kumi na nusu alfajiri wakaamka kuomba, na kuomba kwao si kwa kunong'ona. Baadaye tulipanga foleni ya maji ya moto na ndoo zetu, nyuma ya nyanya waliokuwa wakisimuliana maumivu ya magoti. Hakuna aliyeuliza sisi ni wa kanisa gani. Walichotaka kujua ni kwa nini msichana mwenye nguvu zake amekaa ilhali kuna sufuria ya chai ya kubebwa, na kabla sijajibu alikuwa amevishwa leso na kupewa kikombe cha kuchotea. Alihudumia mabenchi mawili. Bweni nalipendekeza kwa mtu yeyote, kwa usiku mmoja. Wa pili ningemwachia mwenye usingizi mzito kuliko wangu.

Kutoka Kisumu matatu ya Bondo ilitupeleka, kisha nyingine hadi Luanda Kotieno, tukavuka kwa feri kama saa moja hadi Mbita. Kati ya Mbita na Rusinga kuna mlango mwembamba wa maji. Zamani palijazwa tuta lililoyazuia yasipite. Siku hizi pana daraja, na bodaboda anakuvusha kabla hujamaliza kufunga helmeti.

Yule mwalimu mwenzangu, mwana wa mama wa Rusinga, alikuwa amenipa maagizo mawili tu. La kwanza: nunua sukari, majani ya chai, mkate na sabuni, usije mikono mitupu, na usimpe mama pesa mkononi. La pili: ingieni kwa rangach. Rangach ni lango la boma. Palikuwa na njia ya mkato nyuma, kati ya mikatani, na dereva wa bodaboda alitaka kuipita kwa kuwa jua lilikuwa kali. Nilimkatalia. Mama alikuwa amesimama langoni akitungoja, na nadhani angetuona tunachomoza kwa nyuma kama wezi wa kuku, tungekunywa chai lakini hatungekuwa wageni wale wale.

Chumba chetu kilikuwa simba. Kwa Waluo, kijana akikua hujengewa nyumba yake ndogo karibu na lango. Huishi humo, akioa humleta mke humo, mpaka siku atakapotoka kwenda kuanzisha boma lake. Hii ilikuwa ya kitinda mimba, aliyeko Nairobi kikazi: kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, bati juu, kitanda kimoja kipana, bango la timu ya mpira na kufuli lililohitaji kubembelezwa. Mama alituonyesha kila kitu kwa kidole akiwa amesimama nje ya kizingiti. Taa ile. Neti ile. Blanketi ndani ya sanduku lile. Nilidhani ana tope miguuni. Mpwa wangu, ambaye hana breki, akamuuliza mbona haingii.

"Ni nyumba ya mwanangu," alisema. "Mimi kulala humo ni mwiko. Hata kukaa kwenye kitanda chake, hapana. Ninyi ni welo, wageni, ninyi mtalala."

Basi asubuhi tuliyoamkia humo, chai ilikuja hadi mlangoni na kusimama hapo. Mama alibisha, akaita, akasogea nyuma hatua mbili. Nimelipa pesa nyingi katika hoteli ambazo wahudumu wake hufungua mlango kwa ufunguo wao kabla hujavaa. Hapa hapakuwa na kibao cha "usinisumbue" wala hapakuhitajika.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisiwani jembe lilifika jioni ya kwanza. Lilikuwa omena, dagaa wa ziwani. Uvuvi wake hufungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo Agosti watu wamerudi kazini kwa hamu, na ufukwe ulikuwa umetandazwa nyavu kuukuu zilizofunikwa kwa fedha: omena juani, wanawake wameinama wakiwageuza. Tukapewa kipande chetu. Kuna namna ya kuwarusha kwa viganja ili waanguke kwa upande mwingine bila kuvunjika, nami sikuijua. Mpwa wangu aliijua baada ya dakika tano, na jirani mmoja akatangaza bei ya mahari papo hapo.

Usiku tuliketi nje ya simba. Tulionywa tusishuke majini gizani kwa sababu ya viboko. Mwezi haukuwepo, na mbele yetu, mbali, ziwa lilikuwa na mji: mistari ya taa, mitaa, hata kitu kama barabara kuu inayopinda. Mpwa wangu aliuliza ni Uganda ile? Mama alicheka sana. Ni wavuvi. Omena hufuata mwanga, hivyo kila boti huelea na taa zake; zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, samaki hawajikusanyi. Ni mji unaozimwa na mbalamwezi. Tulikaa hadi nikasikia umande mgongoni.

Siku ya pili tulitembea. Tuliona kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, lililojengwa kwa umbo la risasi. Ukikaribia, umbo hilo linakukaba koo bila maelezo. Tukaonyeshwa pia upande wa mabonde ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale wa karibu miaka milioni 18. Mpwa wangu alitaka kujua kama naye aliingilia rangach.

Tuliporudi Ijumaa hiyo jioni, simba yetu haikuwa yetu tena. Boma la jirani lilikuwa na msiba, mwili ulikuwa njiani kutoka mochari, na magari ya wageni yalikuwa yakiingia. Wanaume sita wa ukoo walikuwa wamepewa simba. Mabegi yetu yalikuwa yamehamishiwa sebuleni kwa mama, yamepangwa vizuri, na magodoro yametandikwa sakafuni ukuta hadi ukuta. Tulilala wanawake saba. Kulala ni neno la heshima. Spika za msibani zilipiga muziki wa benga mpaka alfajiri, na kila saa mmoja wetu aliondoka kwenda kulia, au kupika, akarudi akatafuta nafasi yake kwa miguu. Mguu mmoja ulinitafuta mbavuni mara mbili. Kwa watu wa huku hii ndiyo nyumba ya wageni iliyo kongwe kuliko zote. Matanga yakianzishwa, kijiji kizima hugeuka vitanda, na hakuna anayeulizwa amelipia wapi.

Nilikuwa nimepanga tuondoke Jumamosi mapema. Mama hakutuzuia. Aliniuliza tu, "Na mazishi?" Tukakaa. Tulimenya viazi vya watu mia kadhaa, tukamzika mzee ambaye hatukuwahi kumwona, na kufikia jioni nilikuwa ninajua watoto wake kwa majina na ni yupi hasemi na yupi.

Kakamega baada ya hapo kulikuwa kimya mno. Tulishuka Khayega, tukachukua bodaboda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, na yule kijana wa namba ya tatu akatupa kibanda cha duara cha nyasi pembeni ya msitu, choo nje, jiko la kuni. Mvua ilishuka alasiri kama ilivyo ada yake. Tulikula ugali na kuku, tukalala saa mbili kama watoto, na saa kumi na moja kabla ya mapambazuko tulikuwa tunapanda kilima cha Lirhanda na tochi, mbega wakianza kunguruma bondeni, sauti kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Jua lilichomoza juu ya ukungu. Shorobo mkubwa wa buluu akaruka chini yetu, na kumwona ndege kwa mgongo wake ni jambo la kupanda kilima. Lakini nikiri: asubuhi hiyo mpwa wangu alisema kibanda ni kizuri ila hakina mtu wa kumwambia abebe chai.

Wiki mbili baada ya kurudi Nakuru, mama wa Rusinga alipiga simu. Kitinda mimba alikuja nyumbani, akakuta chaja ya mwanamke imechomekwa ukutani mwake, na sasa ukoo mzima unataka maelezo. Alicheka mpaka mstari ukakatika. Chaja ilitumwa kwa matatu, ndani ya mfuko uliojaa omena wa kiasi cha gorogoro mbili. Inafanya kazi vizuri. Mpwa wangu ameipangusa kwa sabuni, kwa limau na kwa manukato yangu, na bado ukiichomeka ikapata moto, sebule nzima inanuka Rusinga.