Usikopee gari kubwa: Honda Fit ya mkono wa pili inavyotosha Minnesota

Ndugu yetu akifika Minneapolis, jimboni Minnesota huku Marekani, na kupata leseni, ushauri unaanza kummiminikia kutoka kila upande: chukua gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, huku kuna theluji. Anapelekwa yadi, anakopeshwa, na anatoka na gari ambalo rejesho lake la kila mwezi linakula zamu zake zote za Jumamosi na Jumapili. Nimeona wabeba boksi hodari, watu wasiojua kulala, wakishindwa kutuma ada ya mtoto nyumbani kwa sababu ya gari. Ndiyo maana nayaandika haya. Kwa mtu mmoja, kwa mke na mume, hata kwa familia ya watoto wawili, gari dogo lililotumika linatosha, tena linatosha sana, mradi likaguliwe vizuri kabla hela haijatoka mkononi.

Mimi naendesha Honda Fit ya 2012. Nyumbani tunaijua, imejaa Dar na Nairobi, ila zile zimetoka Japani na usukani wake uko kulia. Ulaya wanaiita Jazz. Japani ilianza kuuzwa 2001, Marekani ikaingia 2006, na 2020 Honda wakaacha kuiuza hapa kwa kuwa wateja wengi wamehamia kwenye magari ya juu. Kwa hiyo Fit yoyote utakayokutana nayo sokoni leo imeshatumika. Ziko za matoleo matatu: ya 2007 na 2008, ya 2009 hadi 2013, na ya 2015 hadi 2020. Wapo wanaopenda Toyota Yaris, ambayo nyumbani tuliizoea kwa jina la Vitz. Ni gari la kuaminika, sina neno nalo. Lakini ukija kwenye kubeba mizigo, haiigusi Fit.

Siri yake iko kwenye tangi la mafuta. Magari mengi madogo tangi liko chini ya siti ya nyuma. Wahandisi wa Honda wakalihamishia chini ya siti za mbele, na sakafu ya nyuma ikabaki chini kabisa, tupu. Siti ya nyuma ukiilaza inazama, unapata uwanja ulionyooka kutoka buti hadi mgongoni kwa dereva. Ukitaka kubeba kitu cha kusimama, unainua kikalio cha siti ya nyuma kinasimama wima kama kiti cha sinema, na hapo unaingiza televisheni, mti wa chungu, au baiskeli uliyoitoa gurudumu la mbele, vyote vikiwa vimesimama. Ukiwa na kitu kirefu, unalaza siti ya abiria wa mbele ikutane na ya nyuma, na mbao au zulia la zaidi ya mita mbili linaingia na mlango unafungwa. Kwa toleo langu, nyuma kukiwa kumelazwa kote ni futi za ujazo 57. Yapo magari ya juu, yanayouzwa kwa bei mara mbili au tatu, ambayo hayaizidi hapo kwa mengi.

Kwa maisha yetu sisi, hesabu hiyo inaonekana haraka. Masufuria makubwa ya pilau ya kwenda ukumbini, magunia ya mchele kutoka duka la Wahindi, viti vya kukunja vya msibani, masanduku manne ya kilo 23 na wasafiri wawili kwenda uwanja wa ndege: vyote nimevibeba. Rafiki yangu alihama chumba chote kwa Fit, isipokuwa godoro, ambalo tuliliazimia pikapu. Naijali sana sifa hii, maana jumuiya yetu huku inaishi kwa kubebana. Mwenye gari ndiye anayeitwa palipo na harusi, palipo na mgonjwa, na palipo na mgeni anayetua saa sita usiku.

Mafuta sasa. Yangu, ya gia za otomatiki, imepimwa na serikali kuwa maili 28 kwa galoni mjini na 35 barabara kuu, yaani kama kilomita 12 na 15 kwa lita. Toleo la 2015 na kuendelea lenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) linafika hadi maili 33 mjini na 41 barabara kuu. Tangi ni galoni 10.6, kama lita 40, hivyo kulijaza hakuumizi.

Nisikufiche yasiyowezekana. Injini ni ya lita 1.5, na toleo langu lina nguvu za farasi 117. Ukiingia barabara ya I-94 ukiwa na watu wazima wanne na mizigo, unakanyaga mafuta mapema na kusubiri. Ukifika maili 70 kwa saa kelele za upepo na za tairi zinaingia ndani, na upepo wa pembeni unalisukuma. Si gari la kuvuta trela. Na uzito ni uzito: likigongana na pikapu kubwa, aliye kwenye gari dogo ndiye mwenye hatari zaidi. Mtu anayepita barabara kuu usiku kila siku kwenda mji wa mbali alifikirie hilo kwa dhati.

Theluji ndiyo hofu ya wengi, na hapo nina msimamo. Fit inavuta kwa magurudumu ya mbele, na uzito wa injini umeyakalia. Ifungie tairi za majira ya baridi, zile zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, na itakupeleka kazini asubuhi ambayo gari la juu lenye tairi za kawaida linateleza hadi katikati ya makutano. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka, lakini kusimama ni kazi ya tairi. Shida halisi ya Fit ni kuwa tumbo lake liko chini. Greda likipita na kuacha tuta la theluji kando ya barabara, chukua koleo, usilazimishe. Jiji linapotangaza dharura ya theluji, sheria za maegesho zinabadilika siku kwa siku, na gari lisilohamishwa linavutwa kwa gharama yako. Hapo udogo ni neema, kwa kuwa unalifukua upesi na nafasi ya kulisogeza haikosi.

Betri yake ni ndogo mno, saizi 151R. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inaionea. Kabla ya Novemba ipime, na ikiwa imechoka, badilisha bila kujadiliana nayo.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba usome polepole. Minnesota haina ukaguzi wa lazima wa magari binafsi. Gari lililooza linaweza kusajiliwa na kuuzwa, na hakuna atakayekuzuia. Adui mkubwa ni chumvi inayomwagwa barabarani kila baridi. Rangi inaweza kung'aa huku chini kumeliwa. Lala chini na tochi: angalia vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, bomba la ekzosi, na hasa mirija ya breki. Kutu ya juujuu inavumilika. Chuma kinachomeguka ukikibonyeza kwa bisibisi, ondoka. Halafu lipeleke kwa fundi asiyemjua muuzaji. Atakutoza dola 100 au 200, na muuzaji anayekataa gari lake lipelekwe kwa fundi amekwisha kukujibu.

Liwashe likiwa limelala baridi, si baada ya muuzaji kulipasha. Sikiliza kama injini inakosa mapigo. Koili za plagi kwenye matoleo haya huchoka zikikaribia maili laki moja, na si ghali kubadilisha. Injini hii inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda, lakini mnyororo unaishi kwa oili safi. Ulizia risiti za oili. Giaboksi nayo ina oili yake: otomatiki ya toleo langu hutumia DW-1 ya Honda, CVT hutumia HCF-2. Fundi akikwambia yoyote inafaa, tafuta fundi mwingine.

Jambo ambalo halina mjadala ni mifuko ya hewa. Fit za 2007 hadi 2013 zimo kwenye mwito mkubwa wa kurudisha magari yabadilishwe mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo kifaa chake cha kupuliza kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watu wamekufa. Soma namba ya chesesi, tarakimu na herufi 17, kwenye kona ya kioo cha mbele upande wa dereva, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, na utaona kama marekebisho yamefanyika. Kama bado, wakala wa Honda anafanya bure, hata kama gari umelinunua jana kwa mtu binafsi.

Hati ya umiliki iwe na jina la huyo anayekuuzia, na isiwe na neno "salvage" (liliharibika vibaya) wala "rebuilt" (liliharibika likajengwa upya), labda kama unajua kabisa gari liligongwa wapi na bei imeshuka kwa haki. Malizeni malipo benki, muagane, kisha nenda ofisi ya usajili ukabadilishe jina mapema. Bima ya hapa inakulazimu kuwa na kinga ya kukulipia matibabu hata kama kosa ni lako, angalau dola 20,000. Mgeni asiye na historia ya udereva hutozwa zaidi, kwa hiyo uliza bei ya bima kabla ya kununua gari, siyo baada. Kwa gari ulilolipia lote taslimu, hakuna benki inayokulazimisha kukata bima kubwa, na hiyo nayo ni hela inayobaki.

Kuna wanaoniuliza kama wataweza kulisafirisha nyumbani baadaye. La kutoka Marekani usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kuingizwa, wala lenye zaidi ya miaka 8. Liuze hukuhuku.

Mwenye watoto watatu wanaokaa kwenye viti vya watoto, Fit si yako. Viti vitatu havipangiki sawasawa siti ya nyuma, na sheria ya viti hivyo huku haina huruma. Tafuta gari la familia la safu tatu za siti, Honda Odyssey au Toyota Sienna iliyotumika, uikague chini kwa tochi ileile.