Kumbukumbu ya mradi: vikombe vya beringi za usukani vimetoka

Fremu ya pikipiki yangu ya miaka ya 1970 sasa iko tupu. Kilichokuwa kimebaki ni vikombe viwili vya beringi, yaani pete za chuma ambamo gololi hupita, ndani ya shingo (bomba la mbele la fremu linalopitisha mhimili wa usukani), cha juu na cha chini. Beringi zake ni za gololi huru, kwa hiyo kabla ya kuchomoa mhimili wa usukani nilitandika kitambaa chini, nikaweka gololi za juu mbali na za chini mbali, maana idadi zake si lazima zilingane.

Nilipofuta grisi kuukuu nikaona chanzo cha usukani kunasa katikati. Kikombe cha chini kina vishimo vilivyojipanga duara, kila kimoja pale gololi ilipokuwa ikikaa. Pikipiki huenda mbele moja kwa moja muda mwingi, gololi hazibingiriki, na kila mtikisiko wa barabara huzigongesha palepale. Kukaza nati ya usukani hapo ni kuongeza vishimo tu. Dawa ni kubadilisha.

Cha juu hakikusumbua. Nilipitisha chuma kirefu kutokea chini, ncha ikashika ukingo wa kikombe, nikagonga kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kikombe kisiachwe kiende mshazari: ni kigumu kuliko fremu, kitaichimba shingo, na shingo iliyopanuka haishiki kikombe kipya.

Cha chini hakikuwa na ukingo wa kugongea. Ukuta wake ulikuwa sawasawa na wa shingo. Mafuta ya kulegeza kutu hayakufua dafu. Basi nikatumia njia ninayoipenda kuliko zote: nilichomelea mstari wa weldi kuzunguka ndani ya kikombe, pale gololi zinapopita. Weldi ikipoa husinyaa na kukivuta kikombe kuelekea ndani, hivyo kipenyo chake hupungua. Kilipopoa nilikigusa kwa nyundo kikaanguka chenyewe. Shingo haina hata mkwaruzo, na nimefurahi sana. Anayetaka kujaribu atoe kwanza betri na nyaya zote kwenye fremu.

Koni, yaani pete ya ndani ya beringi ya chini, iliyong'ang'ania chini ya mhimili niliikata kwa grinda nusu ya unene, kisha patasi ikaipasua. Diski isiguse mhimili.

Kwa vipya nimechagua beringi za roli za mshazari (vipande vya chuma vyenye umbo la koni badala ya gololi), ambazo huegemea mstari mzima badala ya nukta. Nimepima kimo chake kwanza, kwa kuwa seti nyingine huzidi ile ya gololi na nati ya juu ikakosa nyuzi za kushika. Vikombe vipya viko kwenye friza. Chuma cha kipenyo cha milimita 40 kikipozwa nyuzijoto 40 hupungua karibu milimita 0.02, ni kidogo, ila kinapunguza nguvu ya kuingiza. Nitavivuta ndani kwa fimbo yenye nyuzi na washa nene, bila nyundo, kisha grisi na marekebisho ya nati: gurudumu la mbele likiwa juu, usukani uanguke pembeni kwa uzito wake wenyewe, na fimbo za mbele zinazoshika gurudumu zisicheze hata kidogo.