Mama Anataka Kifo Chake

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha kwanza, na kijijini kwetu, kusini mwa Dodoma kwenye njia ya Iringa, hilo lilitosha kunifanya mwandishi wa barua wa mtaa mzima. Mwenye mtoto jeshini alikuja, mwenye kesi ya mpaka wa shamba alikuja. Kiingereza changu kilikuwa cha miezi minane. Nilijua kusema hiki ni kiti na yule ni mwalimu, lakini nani angenikagua?

Mama alikuwa na shamba dogo la zabibu. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti ile yalikuwa mazuri. Tatizo la zabibu ni kwamba haimngoji mtu. Ikishaiva, mteja wa kwanza ni nyuki, wa pili ni ndege. Kwa hiyo alipokuja tajiri mmoja wa mjini na pikapu yake, akapakia makreti 19, akalipia manne na kuahidi kumalizia Jumamosi, mama alikubali. Jumamosi ikapita, ikapita nyingine, zikafika sita. Mama alituma salamu kwa makondakta wa mabasi. Alienda mwenyewe mara mbili, akaambiwa bosi katoka sasa hivi.

"Kiswahili amekizoea," akasema usiku mmoja, huku akipepeta mtama. "Hebu mwandikie kwa Kizungu."

Nikakaa na kibatari. Tatizo likawa neno lenyewe la deni. Nililijua kwa masikio tu, maana mwalimu wa biashara alikuwa akilitamka kila kipindi, "det", "det", na mimi siku hizo daftari langu lilikuwa limejaa picha za magari. Kamusi nyumbani hatukuwa nayo. Nikafikiri kisomi. Darasani tulikuwa na Thomas, na jina lake lina h isiyosikika. Tena kwenye jiografia niliwahi kuona ubaoni neno linaloanza na d-e na kuishia na th, linakaa karibu na takwimu za watu. Maana yake sikuikumbuka, ila sura yake ilikuwa na heshima. Nikaandika kwa mwandiko wa kulaza: "My mother wants her death before Saturday." Nikamsomea mama kwa sauti nzito, akaridhika, barua ikaenda na basi la asubuhi.

Niliyekusudia aambiwe kwamba mama anataka deni lake kabla ya Jumamosi aliambiwa kwamba mama anataka kifo chake kabla ya Jumamosi.

Alikuja Ijumaa, kwa pikipiki, na vumbi hadi kwenye kope. Mama alikuwa uani anaanika majani ya mlenda. Yule bwana hakukaa hata alipopewa kigoda. Aliitoa barua mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, akaishika kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Mama, mambo ya kufa yametoka wapi tena? Hela ni karatasi tu."

"Kufa kwa nani, baba?"

"Karani wangu ameisoma mara mbili. Sijui ni wewe unataka kujidhuru au ni mimi natishiwa. Basi yaishe."

Akahesabu noti juu ya mfuniko wa sufuria, moja moja, akizibana kwa kidole gumba zisipeperuke na upepo wetu ule wa Agosti na Septemba ambao hauna adabu. Shilingi 37,500. Senti haikupungua. Akaiacha barua pale pale, akawasha pikipiki. Mama akanigeukia. "Umemwandikia nini mtu wa watu?" Nikasema, nimemdai. Na nilikuwa nasema kweli, kwa kadiri nilivyojua.

Jumatatu nikaipeleka barua kwa mwalimu wa Kiingereza, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha, badala ya kunichapa, akaandika ubaoni herufi nne: D, E, B, T.

"Soma."

"Debti."

"Hapana. Det. Hiyo b haisomwi."

"Sasa inafanya kazi gani, mwalimu?"

"Imekaa tu. Ipo kwa heshima ya babu yake."

Akaeleza, na sijasahau, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba maneno yana ukoo. Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa, na Wafaransa walikuwa wakisema "dete" tu, bila b. Lakini babu wa mbali ni Kilatini, "debitum", kitu unachodaiwa. Wasomi waliopenda Kilatini wakaona ni aibu neno kutoonyesha asili yake, wakairudisha b kwenye maandishi. Kinywani haikurudi, na hadi leo haijarudi.

Mwalimu alikuwa na Biblia ya Kiingereza mezani, ile ya mwaka 1611. Akaniambia nifungue Mathayo 6:12. Nikaliona pale: "debts", na b yake. Mstari huo kwa Kiswahili nilikuwa nausema kila Jumapili tangu utotoni: utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Nikajiuliza ingekuwaje kama mkalimani angekuwa mimi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na kamusi zangu mwenyewe, nilikuta kwamba katika Biblia ya Wycliffe ya karne ya 14 mstari huo huo una "dettis". B bado haijaingia. Ilijikita kwenye karne ya 16. Wafaransa nao waliwahi kuandika "debte" kwa muda, kisha wakaitupa b, leo wanaandika "dette". Waingereza wakabaki nayo. Shakespeare, katika mchezo mmoja wa miaka ya 1590, ana mwalimu mwenye majivuno anayelalamika kwamba watu siku hizi wanasema "det" wakati inatakiwa isikike d, e, b, t. Watazamaji walimcheka. Ningekuwepo, ningekuwa upande wake.

Lakini kilichonishika zaidi ni tumbo la lile neno la Kilatini. "Debere", kudaiwa, limeunganishwa kutoka "de" na "habere": kuwa na kitu ulichokitoa kwa mwingine na bado unacho. Ndivyo alivyokuwa yule bwana na makreti yetu 15. Sisi deni tumelitoa kwa Waarabu, "dayn", na risiti tumeitoa kwa Waingereza, ambao nayo wameichomeka p isiyosomwa, kwa ugonjwa ule ule wa Kilatini. Tulipoipokea tuliipukuta p mlangoni. Nadhani tulifanya vizuri.

Baada ya serikali kuhamia Dodoma nami nikakopa benki, nijenge. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na kwenye ukurasa wa tatu nikakutana na "mortgage", rehani. Mazoea yangu nikalichungulia. Kifaransa cha zamani: "mort" ni kufa, "gage" ni dhamana. Dhamana iliyokufa. Mwanasheria Edward Coke, wa karne ya 17, alieleza kwamba ukishindwa kulipa, mali imekufa kwako, na ukilipa, imekufa kwa aliyekukopesha. Nikacheka peke yangu mbele ya ofisa wa mikopo, akaniuliza kama kuna kifungu sijakielewa.

Jioni nikamweleza mama. Yeye huwa hana haja na Kilatini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, sasa hao Wazungu wamegundua nini? Kisha akauliza nitamaliza kulipa lini.

"Mwaka 2034, mama."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili, akarudi tena wa kwanza. Halafu akaacha, akaniomba nimsogezee ungo.